Viua vya Kofia Vina Mwenyewe

Ansab, 12 Machi 2003

Mdogo wangu Nunu, huko Unguja,

Barua yako imefika, na ukali wako nimeuona. Mimi mzima, ila goti. Najua mwanangu Murshid kakupigia simu kukulilia. Sasa nisikilize mie niliyekuwepo.

Serikali ya huku inawasaidia wanawake wanaofanya biashara majumbani: leseni, na duka dogo sokoni. Nunu, miaka thalathini nnashona kofia, sifa wanapata wengine. Basi mie na Murshid tukaenda ofisini kuomba. Kumbe Murshid kishajaza fomu kwa jina lake. "Mama ananisaidia tu," akamwambia bibi wa pale. Mimi nnamtazama tu.

Yule bibi akaitwaa kofia niliyokwenda nayo kuonyesha, viua vyake bado nusu, akamsogezea pamoja na sindano. "Haya bwana, nishonee kiua kimoja." Murshid akajichoma kidole, damu ikanichafulia kofia. Fomu ikachanwa, ikaandikwa nyingine kwa jina langu, na sahihi nimetia mwenyewe. Tangu hapo sijakaa kitako kwa furaha, hata rangi ya mlango nimeshachagua.

Lakini Murshid haji tena kula kwangu. Nawe unaniandikia nimwachie duka, mwanamume asifedheheke. Miaka yote mimi nilipokuwa sina jina, nani alinionea haya?

Tunafungua Jumamosi. Mwambie sahani yake ipo. Na akitaka kazi, ataanza kwa kukata nyuzi.

Dada yako asiyejua kubembeleza,
Zuwena