Ulichonyooshea Kidole, Kalunde

Kwako mdogo wangu Kalunde,

Mimi hapa, kaka yako, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote waliowahi kufukuzwa darasa la pili hapa Tabora. Wewe hukufika hata miaka minne, na kusoma hujui. Basi usinisahihishe.

Unamkumbuka Bwana Shauri? Yule mtoto wa sokwe ambaye baba alimleta kwa treni kutoka Kigoma, akampa jina la cheo cha Mzungu mkuu wa bomani kwa sababu yeye na huyo Mzungu walipenda kusalimiwa kwanza. Mlikua pamoja pale mtaani Cheyo, kimo kimoja. Nami, mwalimu wenu, niliweka karanga juu ya ubao msioufikia, nikaufunga kamba mbili. Akivuta mmoja, ubao unapinduka. Mkivuta wote pamoja, unakuja. Sokwe alielewa kabla yako, nikakutangaza mtaa mzima kuwa mjinga. Lakini karanga zikifika, yeye alizikumbatia zote, akakugeuzia mgongo. Ukiwahi wewe, uligawa: "Yake. Yangu. Ya kaka." Ya kaka! Na mimi sikuvuta hata kidogo. Nikazitafuna bila aibu.

Jambo jingine nililiona, nikalipuuza. Bwana Shauri alinyoosha mkono akitaka kitu, basi. Wewe ulinyooshea kidole kila kitu: mwezi wa mchana, mbuzi wa jirani mwenye pembe moja. "Kaka, ona!" Nami nakujibu, "Nilimwona kabla hujazaliwa, bibi wee." Unacheka tu. Ulitaka tuone wote.

Halafu surua ikakushika. Siku ya mwisho sauti ilishakauka, ukawa unanyoosha kidole kuelekea mlangoni. Mama akaleta maji, ukayasukuma. Akaleta uji, ukausukuma. Mimi bingwa nikamleta hata Bwana Shauri. Kidole kilibaki palepale, mpaka kikashuka.

Wiki ya pili sasa mama hali vizuri. Kila asubuhi ananiuliza, "Mwanangu aliomba nini nikamnyima?" Na mimi, mwenye jibu la kila kitu, namsogezea uji.

Jana nilijilaza kwenye kitanda chako cha kamba, kile kifupi. Nilikuwa nalia, usimwambie mtu. Nikageukia mlango. Kwa nje, chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo aliyesimama ndani haoni, pana kiota cha mbayuwayu. Makinda, midomo wazi.

Hukuomba kitu, Kalunde. Ulikuwa unatuonyesha.

Nikamwita mama. Alikataa kulala hapo, nikambembeleza mpaka akajilaza, nikachuchumaa kando yake na kunyoosha kidole. Alikifuata kidole kwa macho. Akacheka kidogo, kisha kilio kikamshika, na katikati ya kilio akaniuliza:

"Wako wangapi?"

"Watatu, mama."

"Wanne," akasema. "Hebu tazama vizuri."

Lala, mdogo wangu.

Mimi, kaka yako.