Godoro la Msiba na Bahari ya Rodo

Mama yangu uliyetangulia,

"Mjane anayekwenda kuota jua ufukweni kabla mwaka haujaisha, huyo hakumpenda mumewe."

Maneno hayo ameyasema mwenyekiti wa kamati yetu ya misiba, Jumapili iliyopita, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Etobicoke, jijini Toronto, kipaza sauti mkononi na sambusa zikipoa mbele yake. Hakutaja jina. Hakuwa na haja, maana vichwa vyote viligeukia meza yangu. Mkweo Elia tulimzika kabla theluji haijaanza kuanguka. Sasa miti inachipua, nami nimekata tiketi ya kwenda Rodo, kile kisiwa cha Wagiriki.

Unanijua, Mama. Uliniita Bi Ubishi tangu nikiwa na meno ya utoto. Ungetarajia nisimame palepale nimrarue. Sikusimama. Nimeona nikuandikie wewe, hadharani, na wao wasome, kwa sababu shahidi wangu katika kesi hii ni wewe.

Kumbuka Baba alipofariki, enzi zile za simu za kukunja. Kamati ilikuja na masufuria, viti na godoro. Godoro lile la sponji lenye maua ya bluu, linalohama kutoka msiba hadi msiba, na misiba ikikosekana linawekwa stoo kwenye jengo la mtu. Walilitandika sebuleni kwako, wakalisukuma kochi hadi dirishani, wakakukalisha chini. Watu wakaja, wakaimba, wakala, wakaondoka. Matanga yakaanuliwa. Wewe ukabaki chini. Nilipoulizia godoro litarudishwa lini, kamati ikaniambia, "Mwache mama akae, ndiyo heshima yake."

Ulikaa majira yote ya baridi. Ulikula hapo, ukasali hapo, ukalala hapo. Nikikuambia, "Mama, kitanda kipo," unanijibu, "Kitanda cha nani?" Miguu ikaanza kukuvimba. Nikaanza kuogopa kwamba nitazika wawili ndani ya mwaka mmoja, na kamati ingekuja tena na masufuria yaleyale, ikisifu jinsi ulivyojua kuomboleza.

Rodo niliichagua kwa hila. Nilijua huwezi kudharau mahali ambapo mitume walipita.

"Mitume walipita hapo kwa meli, Mama."

"Walipita. Hawakukaa wiki nzima hotelini."

"Basi na sisi tupite polepole."

Ulicheka kidogo kwa pua, nikaifanya hiyo kuwa ndiyo.

Unaikumbuka nyumba ile ya wageni, ndani ya mji mkongwe, nyuma ya kuta nene kuliko chumba chenyewe? Uani palikuwa na sakafu ya vijiwe vyeusi na vyeupe vilivyopangwa kama mkeka. Mwenye nyumba alikuwa Despina, mama wa makamo yako, nguo nyeusi kutoka shingoni hadi miguuni. Siku ya kwanza nilitoka kununua maji. Niliporudi nilikukuta umeshusha godoro la kitandani, umelitandika sakafuni, umekaa juu yake na khanga yako kichwani. Tumevuka bahari yote ile, Mama, nawe ukausafirisha msiba hadi chumba cha watalii!

Asubuhi Despina alilirudisha godoro kitandani. Jioni ukalishusha. Kesho yake akalirudisha tena, safari hii akinikunjia uso mimi, kana kwamba nakulaza chini mamangu mzazi. Nawe ukalishusha tena, ukanong'ona, "Mwambie huyu mama aache kunisumbua, mimi nina msiba." Nimwambieje? Kigiriki sijui, na Kiingereza chake kilikuwa cha bei ya chumba tu.

Katikati ya vita hiyo nilikuburuta kuuona mji. Ulipanda ule mtaa wa mawe walikokaa wapiganaji wa msalaba, ukashika kiuno, ukatazama chini kwenye handaki lenye mirundo ya mawe ya duara waliyokuwa wakirushiana.

"Hawa watu walikuwa wanaogopa nini hivyo?"

"Adui, Mama. Walizungukwa."

"Ukuta wote huu. Halafu?"

"Halafu walishindwa. Wakatoka."

"Wakatoka," ukarudia, ukiyatazama yale mawe kwa muda mrefu kuliko nilivyoyatazama mimi niliyesoma vitabu vya mji ule.

Asubuhi iliyofuata Despina aliingia na kahawa. Akakuona umekaa chini. Safari hii hakuligusa godoro. Alishika gauni lake jeusi kifuani, akalivuta kidogo, akakuonyesha. Kisha akaketi sakafuni kando yako, kwa shida, akiguna kwa magoti. Mkanywa kahawa. Mimi nilisimama mlangoni. Alipomaliza akainuka, akakushika mkono, akakuvuta. Ukanitazama. "Ananipeleka wapi huyu?" Sikujua, nikachukua khanga yako nyingine nikafuata.

Mlitoka kwenye lango la ukuta, mkashuka hadi ufukweni, ule wa vijiwe. Kina mama wenzake walikuwa tayari majini hadi kifuani, kofia pana kichwani, wanapiga soga kama wako kisimani. Despina akavua gauni lake jeusi, akalikunja vizuri juu ya mawe, akabaki na vazi la kuogea lililochakaa, akavaa kofia, akaingia.

"Hana adabu," ukasema.

Palikuwa na binti pembeni anayejua Kiingereza. Nikamuuliza, akaniambia Despina alifiwa na mume watoto wakiwa wadogo, na sasa ana wajukuu. Nyeusi hajaiacha tangu siku hiyo. Na kuogelea hajaacha.

Nilipokutafsiria, ulianza kunihoji kama wakili.

"Kwa hiyo anavua, anaoga, kisha anaivaa tena?"

"Ndiyo."

"Anarudi kwenye msiba wake?"

"Anarudi, Mama."

Ukalikazia macho lile gauni juu ya mawe. Kisha ukaniambia jambo ambalo hukuwahi kuniambia. Kwamba kwenu Dodoma, bibi yako alipofiwa, wanawake walimkalisha siku chache, kisha wakampeleka kuoga, na walipomrudisha wakampa jembe lake kwa sababu mvua ilikuwa imeshanyesha. "Hakuna aliyesema hakumpenda babu," ukasema. Ukaifunga khanga juu ya kifua, ukapiga fundo, ukaanza kutembea kwenye vile vijiwe ukilalamika. Despina akakunyoshea mkono. Maji yalipokufika magotini ulipiga yowe ufuko mzima ukageuka: "Maji haya yametoka Toronto!"

Ukacheka, Mama. Wale wazee wa Kigiriki wakacheka bila kujua wanacheka nini. Nilikaa juu ya mawe nikalia kwa ahueni, nikisingizia jua.

Jioni ile ndipo uliponiita chumbani. "Bi Ubishi, shika upande huo." Tukaliinua godoro pamoja, tukalirudisha kitandani, ukalala.

Tuliporudi Etobicoke ulifua foronya ya lile godoro la kamati, ukaona kona imechanika, ukaishona kwa uzi mwekundu kwa sababu mwingine haukuwepo. Kisha ukapiga simu, nami nikisikiliza: "Njooni mchukue godoro lenu. Asanteni, limenitosha."

Uliishi miaka mingi baada ya hapo. Uliendelea kumlilia Baba, mara nyingine ukiwa unakaanga vitumbua, huku mafuta yakiungua. Ulipofariki, Elia alinishika mkono, sikukaa chini hata siku moja. Nilidhani mimi ni wa kusimama tu. Nilidhani ni suala la kuwa na hoja.

Kisha Elia naye akaenda, na kamati ikaleta godoro. Maua ya bluu yamefifia siku hizi. Walinikalisha, na mimi, Mama, niliyewaandikia makala kali juu ya mila na wajane, nikakaa. Nikawa nakula hapo na kulala hapo. Mwanangu akiniambia kwa Kiingereza chake kwamba kitanda kipo, mdomo wangu ukatoa neno lako: cha nani?

Siku chache kabla ya Jumapili ile ya ukumbini nilikuwa nimelala kifudifudi, mkono ukining'inia pembeni ya godoro, vidole vikakuta kitu kigumu kwenye kona. Nikageuka kutazama. Uzi mwekundu. Mishono yako mikubwa, ya haraka, ya mtu ambaye miwani yake iko chumba kingine.

Sikusikia sauti yoyote, Mama, wala sikuona ndoto. Nilisimama tu. Nikafungua dirisha. Nikalitegemeza godoro ukutani, nikalala kitandani kwetu upande wa Elia, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike nikaamka nimelala kweli. Nimepumua, Mama. Bado naumwa moyo, lakini napumua. Mwezi Juni nitaingia majini Rodo na khanga yako, na nikitoka nitaendelea kuwa mjane wa Elia.

Lala salama. Niache sasa niseme na hawa.

Mwenyekiti, na ninyi nyote wa kamati: godoro la sponji lililonunuliwa kwenye duka la samani hapa mjini mnaliita mila ya mababu. Mababu wenyewe waliwainua wajane wao. Masufuria yenu nayashukuru, na nyimbo zenu zilinishika nisianguke. Lakini kuanzia leo, mkimkalisha mjane chini, rudini wenyewe kumwinua, kwa mikono yenu, na mtembee naye hadi mlangoni. Jumamosi nitakuwepo nyumbani asubuhi. Foronya nimeshaifua, na ule uzi mwekundu asiufumue mtu.

Njooni mchukue godoro lenu.

Mwanao, Bi Ubishi wako