Mafuta Yaliyobaki Viganjani

Mwende wangu,

Huko baridi imepungua? Huku Kibera tuko sawa. Mamako bado anauza nguo soko la Toi, anakusalimia.

Uliniambia kile kihisi chako kinachonusa moshi kwa kutumia mwanga, kila ukikiongezea upako wa zile chembe ndogo kabisa, kinazidi kudhoofika. Ukauliza ufanyeje.

Mimi sijasomea hayo. Lakini nikiwa msichana hapa mtaani kwetu Mashimoni, nilijipaka mafuta mengi usoni ili ning'are kanisani. Vumbi likanigandia, nikafika nimepauka. Mama akanipangusa kwa leso, akanipaka yale kidogo tu yaliyobaki viganjani mwake alipojipaka yeye. Nikang'aa!

Jaribu kupunguza huo upako, mjukuu wangu.

Mimi kila asubuhi nikishajipaka, viganjani hubaki mafuta kidogo, na uso wako uko mbali.

Shosho wako