Mchanga Nilioumwaga Bustanini

Nchelenge, Jumamosi, Novemba 1956

Mvua kubwa ya kwanza ilianza alfajiri, ikakatika saa nne. Ziwa limetulia, jua limetoka, na mimi nina furaha ambayo naona haya kumwambia mtu, maana ni furaha ya udongo.

Bustani yetu iko nyuma ya jiko. Ni udongo wa mfinyanzi mtupu: mvua ikinyesha unanasa miguu, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza kidole. Yakobo, mume wangu, alisema kama haitaotesha kitu mwaka huu atajenga hapo banda la kukaushia samaki. Lakini mimi nimelelewa Kilwa, si ile ya pwani bali hii ya ng'ambo ya ziwa, na mama yangu hakununua mboga hata siku moja.

Mwaka jana niliiharibu zaidi. Nilibeba mchanga wa ufukweni, vikapu kwa vikapu, siku tatu mfululizo, nikidhani utalegeza ule udongo. Mchanga na udongo vikashikana, vikawa kama tofali. Mpini wa jembe ukavunjika.

Mama mkwe alidhani mchanga ni wazo la mwanawe, akamsema mbele ya shemeji zangu wote. Yakobo alinitazama, akatabasamu kidogo, akaibeba lawama yangu.

Nami nikanyamaza.

Baadaye niliona nyanya zimejiotea jaani, ninapotupa maganda ya muhogo na majivu. Udongo ni uleule. Basi mvua zilipokwisha, kabla ardhi haijakauka, nilichimba mifereji, nikafukia maganda, majani ya karanga, mavi ya mbuzi, na matumbo ya samaki chini kabisa mbwa wasiyafikie. Nikainua matuta, nikayafunika kwa nyasi, nikakataza mtu yeyote kuyakanyaga. Kwa mwezi mzima tulinuka, na majirani walipita njia nyingine.

Leo maji hayakutuama. Yalizama. Nilitumbukiza mkono kwenye tuta, nikatoa udongo mweusi unaomeguka, na nyungunyungu wawili.

Mama mkwe alinikuta nimepiga magoti kwenye tope. Tunazungumza Kiswahili, yeye kile chake cha kuuzia samaki, kwa kuwa Kibemba changu bado kinachechemea. Alichota udongo konzi moja, akaunusa, kisha akaniomba tuta moja apande maboga. Nilikuwa nimekwisha kushinda. Ningeweza kunyamaza tena.

"Huyu mutoto wangu na muchanga yake," alisema, "alikuwa anataka kujenga nini humu?"

"Hapana yeye, mama. Ni mimi nilileta ile muchanga."

Alinikazia macho. "Na mwaka muzima ninamugombeza yeye?"

"Ndiyo, mama."

Alicheka mpaka akakaa chini, juu ya tuta lenyewe, na sikuthubutu kumwambia ainuke.

"Utamuambia wewe mwenyewe," alisema akijifuta machozi. "Na miye nitakuwa karibu. Ninataka kusikia."

Yakobo anarudi Jumatatu kutoka Puta alikokwenda kuvua. Siku hiyo asubuhi nitapanda maharage. Jioni nitapika, nitawaita shemeji zangu wote, nami nitamwomba radhi mbele yao. Sijui nitaanza na neno gani. Najua tu kwamba wote waliokuwapo siku ile lazima wawepo.