Gauni la Safari

Mama Charlène mpendwa, mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nasoma ukurasa wako kila gazeti letu la kambi linapotoka, na leo ni mimi ninayeomba msaada, kwa sababu mama yangu haongei na mimi na mashine yake ya kushona imefunikwa shuka.

Mama ni fundi wa nguo tangu Bukavu, na hapa kambini yeye ndiye anayezishonea familia zinazoitwa kusafiri kwenda kuishi ng'ambo, maana kwetu mtu hapandi basi la kwenda uwanja wa ndege wa Lilongwe akiwa amevaa nguo kuukuu, na sisi pia, ingawa hatujaitwa, tuna sanduku la nguo za safari ambazo hakuna aliyewahi kuzivaa. Yangu ni gauni la kitenge cha bluu alichokinunua mama katika soko la Mchesi. Alilishona nikiwa bado mdogo akaacha pindo nene, na kila ninaporefuka hulitoa, hulifumua pindo, hulishusha, hulipiga pasi na kulirudisha sandukuni, huku mimi naenda kanisani na sketi iliyotoboka.

Muhula huu mwalimu wetu Narcisse alitufundisha dini za ulimwengu, tukafika kwa Budha, na somo hilo lilinishika kuliko mengine yote, kwa sababu alisema Budha alianza na mateso: kwamba kuugua, kuzeeka na kufa ni mateso, kutengana na unaowapenda ni mateso, kukosa unachokitaka ni mateso, kwamba chanzo chake ni kiu ya moyo unaong'ang'ania, kwamba kiu hiyo inaweza kukoma, na kwamba iko njia ya kuikomesha. Nikawaza, huyu mtu aliijua kambi.

Jumamosi ya wiki hiyo jirani yetu Mama Stéphanie aliondoka na familia yake, wote wamevaa nguo alizoshona mama, tukawasindikiza kwa nyimbo hadi kwenye basi, na tuliporudi mama akafungua sanduku, akatoa gauni langu, akaniita anipime, na mimi, badala ya kusimama wima kama siku zote, nikamwambia, "Mama, si kambi inayotutesa, ni hili sanduku. Ukiacha kutamani safari, hutateseka tena."

Akauliza kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, "Basi mi njo naletaka mateso mu hii nyumba?"

Nikajibu kwamba ndivyo tulivyofundishwa.

"Sawa," akasema. "Nimeacha."

Akakaa akalifumua gauni lote, mshono kwa mshono, mpaka likawa vitambaa tu, akavikunja, akaifunika mashine. Tangu hapo hajashona. Mteja mmoja wa Area 47, mtaa wa Lilongwe, alileta vitambaa vya harusi, mama akamrudishia, na kazi hiyo ndiyo inayotulisha. Tulipokuwa tukila baada ya kwaya nilimsimulia rafiki yangu Tuyishimire nikidhani atanihurumia, naye akaficha sahani yake ya ugali akacheka, "Ee Budha, usitamani nsima yangu!" na sasa wote wananiita hivyo.

Je, Budha alikosea au nilikosea mimi? Na mimi ninayetumaini kufika chuo kikuu, niache kutumaini?

Msichana wa Dzaleka

*

Binti yangu,

Uliyekosea ni wewe, na kosa lako ni la mwanafunzi mwenye haraka. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini somo hili nililifundisha darasani kabla sijawa mkimbizi, kwa hiyo acha nikusahihishe.

Jambo la kwanza ni kuyaona mateso. Kuyaona, si kuyahukumu. Mama yako alikuwa ametoka kumuaga rafiki aliyemvisha kwa mikono yake, akarudi nyumbani bila yeye. Kule kutengana ulikokuandika daftarini kulikuwa kumesimama mbele yako na utepe wa kupimia shingoni. Ukaliruka jambo hilo, ukaenda moja kwa moja kwenye chanzo. Kisha ile njia uliyoitaja hukuifikia kabisa, na ndani yake kuna kusema vema: neno liwe la kweli, liwe la huruma, lije kwa wakati wake. Lako lilikuwa na ukweli kiasi. Hayo mengine mawili uliyaacha shuleni.

Tena somo lile ni la kuitazama kiu yako mwenyewe. Hukupewa ili uende kuipima kiu ya mama yako. Wala halisemi kwamba aliyefukuzwa kwao na vita amejitakia. Usilirudie hilo kwa mtu yeyote hapa Dzaleka, tafadhali.

Chuo kikuu kitumainie, na usome. Kutaka jambo jema na kulifanyia kazi si kosa. Kiu inayotesa ni ile inayoikataa siku ya leo mpaka kesho ije. Hapo nakubali uliona kitu, maana gauni zuri kukaa gizani na mtoto kwenda kanisani na sketi iliyotoboka si sawa. Lakini ulilitazama lile pindo? Mtu asiyewaza kingine ila kuondoka kesho angekata nguo kwa kipimo chako cha leo. Mama yako aliacha nafasi ya wewe kukua hapa hapa. Alikuwa ameyaelewa mengi kabla ya mwalimu wako.

Sasa fanya hivi. Ukitoka shule, usimweleze habari za Budha tena. Mwombe msamaha kwa maneno machache, kisha muulize kuhusu Mama Stéphanie, walivyofahamiana, walivyokuwa wakicheka pamoja. Akilia, kaa naye. Usimjibu kwa somo. Akishatulia, mwombe ruhusa uende Area 47 mwenyewe ukamwambie yule mteja arudi. Halafu ondoa ile shuka, mletee vile vitambaa vya bluu, simama wima, umwambie, "Mama, nipime. Nataka kulivaa Jumapili hii."

Na akikuuliza kuhusu pindo, mwambie aliache nene vilevile.