Mshipi wa Bega

Timau, 3 Februari 2025

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima ila baridi ya huku inaniuma masikio. Mama na mbuzi wanaendeleaje? Naandika kwa sababu kwenye simu hunisikii, unaitikia tu.

Kazi yangu hapa uwanjani ni kukagua mishipi ya viti vya glaida, zile ndege zisizo na injini. Mishipi hiyo ndiyo inayomshika rubani upepo ukiitupa ndege huku na huku. Kila Jumatatu naipapasa yote, nikitafuta uzi uliokatika au rangi iliyopaushwa na jua. Juzi nilikuta mshipi wa bega umefumuka. Mipya itatoka ng'ambo, na itachukua wiki nyingi. Nilimwambia mkubwa wangu, Bwana Gikunda, kwamba hakuna fundi wa viatu anayeshona kama wewe, akakubali. Misheck, dereva wa matatu ya huko, anakuletea mshipi huo.

Binti yako,
Wambeti

Siakago, 10 Februari

Wambeti wangu,

Hatujambo, mbuzi pia, ingawa jua ni kali. Umenipa heshima. Mshipi nimeutoboa kwa msharasi mpya na kuushona safu tatu kwa uzi wa nta. Siku mbili sikugusa kiatu cha mtu. Hata fahali hataukata. Sokoni nimewaambia kwamba siku hizi nashonea ndege, na kanisani wamesikia.

Baba yako,
Kithaka

Timau, 19 Februari

Kwa Baba,

Natumaini mmeamka salama. Barua hii nimeianza mara tatu.

Mshono ulikuwa mzuri hata Bwana Gikunda akawaita wengine waje kuuona. Lakini kabla ya kuufunga niliuning'iniza kwenye boriti nikaupakia magunia ya viazi, kwa kuwa wewe huwezi kukabidhi kiatu bila kukivuta kwanza. Kwa gunia la nne ukakatika. Uzi wako haukulegea hata kidogo. Kilichokatika ni mshipi wenyewe, palepale msharasi ulipopita. Ngozi hustahimili matundu, lakini huu umefumwa, na kila tundu limekata nyuzi zake. Kosa ni langu, nilipaswa kulijua hilo kabla ya kuutuma. Nimeukatakata usije ukatumiwa, na ndege itakaa chini mpaka mipya ifike. Usinikasirikie.

Binti yako,
Wambeti

Timau, 24 Machi

Kwa Baba,

Hamjambo? Mwezi umepita. Mama anasema unatoka asubuhi na kurudi jioni, na ukiulizwa husemi ulikokuwa. Nijibu hata mstari mmoja.

Wambeti

Siakago, 6 Aprili

Wambeti wangu,

Tu wazima, na mvua imeanza.

Nilikasirika, sikufichi. Miaka thelathini na minne hakuna aliyewahi kunirudishia kazi. Wiki nzima sikufungua kibanda.

Halafu nikakumbuka jambo likaninyima usingizi. Watu waliposikia nashonea ndege, waliniletea mishipi ya viti vya magari yao. Nilishona kumi na mmoja, kwa msharasi uleule. Minne ni ya gari la Njura, linalobeba watoto wa nasari.

Nimeifuata yote, mpaka Ishiara. Nimeikata kwa mkono wangu mbele ya wenyewe. Wengine walinicheka, na mmoja alinitukana mbele ya mkewe. Mizunguko hiyo ndiyo iliyonichelewesha kukujibu. Leo nimekata wa mwisho.

Njura aliniuliza ni nani huyo anayesema mshono wa Kithaka ni hatari. Nikamwambia ni fundi aliyenipita, tena nimemzaa mimi.

Baba yako