Picha ya Mahona

Jumamosi, 3 Agosti 1974

Nilikuwa barazani natia kiraka mpira wa baiskeli, huku nawasimulia watu habari ya simba wa Tura. Yule wa mwaka hamsini na tatu, niliyemwambia geuza shingo kidogo nikupige picha — akageuza! Batuli, mpwa wangu, akadakia: mjomba, juzi alikuwa simba jike, leo ameota manyoya shingoni? Wakacheka wote. Nikawaambia, chekeni. Hakuna uso uliopita mtaa huu wa Ng'ambo usioingia kwenye kamera ya Lukumani.

Ndipo akatokea Nyamizi, mjane wa Mahona, kutoka kijijini Tura. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Shikamoo kaka. Marahaba. Nikamsogezea kigoda, hakukaa.

Wanahamishiwa kijiji kipya. Lori linakuja Jumatatu ya tarehe kumi na mbili, na nyumba zinaezuliwa siku hiyo hiyo, mtu awemo asiwemo. Mama yake Mahona amegoma. Haachi kaburi la mwanawe. Nyamizi kambembeleza wiki nzima, mwisho akamwambia: mayu, mama yangu, Mahona tutamchukua, iko picha yake kwa Lukumani, alipigwa siku ya Uhuru. Bibi akajibu, kailete. Nikimwona napanda lori. Nisipomwona, waniezulie nikiwa ndani.

Nikasema ipo. Nikarudia kwa sauti, baraza nzima isikie: ipo! Jumamosi ijayo naileta kwa mkono wangu.

Haipo.

Jumapili, 4 Agosti

Niandike tu, daftari hili hasomi mtu.

Siku ile ya Uhuru nilikuwa na filamu moja, picha kumi na mbili. Saa nne asubuhi imekwisha. Bendera, gwaride, akina mama na vigelegele. Mimi naendelea kutembea na kamera shingoni, najitapa kwamba kwangu filamu haziishi. Akaja Mahona. Kibarua wa reli, kapanda gari moshi usiku kucha, kaazima koti la mtu, mikono inamfika kwenye vidole. Watu wakatuzunguka. Ningesema nini? Nikamwambia nyoosha bega. Tazama huku. Nikabonyeza — kch! Kamera tupu.

Akanishika kwa mikono miwili, asante kaka.

Kila akija mjini ananiuliza. Kila mara namjibu bado iko kwenye dawa ya kusafishia. Miaka mitano kwenye dawa! Hata nguo chafu ingekuwa imeshatakata. Wala hakununa hata siku moja. Mwaka sitini na sita homa ikamchukua, mkewe ana mimba. Nikaenda msibani. Nikala.

Jumanne, 6 Agosti

Sikufungua kazi. Nimemwaga maboksi yote ya negativu mkekani, nazitazama moja moja dirishani. Labda Mahona kapita nyuma ya mtu. Labda sikio lake tu.

Nimejiona mwenyewe humo, tangu mwaka arobaini na tisa. Miaka ya kwanza nilikuwa nakata watu vichwa. Kisha nikawasimamisha kama nguzo za simu, mikono chini, macho yametoka. Mpaka Padri Raymundi wa seminari ya Kipalapala, naye mwenye kamera, akaniambia, Lukumani, usimwamrishe mtu, msubiri. Nikaona ananionea wivu. Ilinichukua miaka mitatu kuelewa. Iko moja ya muuza karanga stesheni, hajui kama nipo, anajicheka peke yake. Ile ndiyo picha. Darasa la nne mimi, lakini ile hata mwenye digrii hapati.

Mahona hayumo.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimepata mtu.

Yuko nyuma ya gwaride la Uhuru, pembeni kabisa. Mrefu, mwembamba, kofia imemwangukia machoni. Ana koti. Simjui. Angeweza kuwa yeyote — basi angeweza kuwa Mahona.

Nimejifungia chumba cha giza tangu asubuhi, taa nyekundu, dirisha nimeziba kwa blanketi. Karatasi za picha zilikuwa nne, na dukani hazipo mwezi wa tatu huu. Nikamkuza mpaka chembe za filamu zikaanza kuonekana. Ya kwanza, pua ilisema si yeye. Ya pili nikaongeza mwanga puani, na kwenye karatasi mwanga ndio unaotia weusi, pakawa peusi. Ya tatu nikazuia mwanga kwa kiganja, nachezesha vidole taratibu, kivuli cha kofia kikashuka hadi mdomoni na kidevu kikabaki chenye nuru. Ya nne akatoka.

Nasema kweli, na sijitapi: sijawahi kufanya kazi kama hii. Nilipomwona anajitokeza kwenye dawa nikamwita kwa jina.

Ijumaa, 9 Agosti

Batuli kaikuta inakauka kwenye kamba. Nani huyu? Mahona. Akaitazama muda mrefu. Akasema, mjomba, leo sina utani, hii imezishinda zote.

Nikaenda msikitini. Nikarudi.

Jumamosi, 10 Agosti, Tura

Naandika nimeegemea ghala lao la mtama. Liko tupu, mtama umeshafungwa magunia.

Bibi alikuwa kakaa mlangoni, barabara kaipa mgongo. Nikampa picha. Akaisogeza kwenye jicho lake la kushoto, ndilo linaloona. Jasho lilinitoka kama nasukuma baiskeli mlimani. Mara akaanza kuipangusa kwa kanga, polepole, kama anampangusa mtoto kamasi. Akasema, umekonda, baba. Kisha akamwita Bertila, yule mtoto aliyezaliwa nyuma ya kifo cha baba yake. Njoo umwamkie baba yako. Mtoto akapiga goti mbele ya karatasi. Shikamoo baba.

Bibi kanyanyuka. Anafunga vyungu vyake kwa kamba. Lori atapanda.

Majirani wananisifu, wanasema kweli Lukumani ni bingwa, kila uso anao. Mara ya kwanza maishani nimesifiwa nikakosa la kuongeza.

Nyamizi peke yake hakunisifu. Alingoja Bibi aingie ndani, akanivuta huku ghalani. Nikadhani atapiga kelele. Akasema chini chini:

— Kaka, mimi nililala na Mahona miaka sita. Kidevu chake nakijua kwa kiganja.

Nikaokota punje moja ya mtama chini, nikaimenya.

— Picha nitaibeba. Nitaitundika huko tuendako, na huyu mtoto atakua anaiamkia. Sikukatalii. Lakini niambie ni nani. Nisije nikamlilia mtu hata jina lake silijui.

Nikamwambia ngoja, kuna kitu naandika kwanza, nisikisahau. Uongo mwingine huo. Amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, mikono mapajani, anasubiri. Ndani Bibi anazungumza na mtu kwa Kinyamwezi, anacheka kidogo, ananyamaza kama anamsikiliza, anacheka tena.

Nyamizi hatazami huko. Ananitazama mimi, na ukurasa huu unakaribia kwisha, na jina analoliuliza mimi mwenyewe silijui.